Wati, Pamba na Ulimi: Ladha ya Vepu Hutoka Wapi

Bibi yangu hakuweka udi juu ya kaa jekundu hata siku moja. Alipanga makaa kwenye chetezo, akayafukia kwa jivu lake lenyewe, akangoja, ndipo akaweka kijipande cha udi juu ya lile jivu. Aliyefanya haraka alichekwa: umefukiza kuni.

Nilimkumbuka siku mpwa wangu aliponiletea vepu yake akinung'unika. "Mjomba, hii juisi ya embe nimepigwa. Nimeipandisha mpaka wati 70, bado inanuka shuka iliyounguzwa na pasi." Nikamuuliza koili yake, ule waya wa moto uliofungwa pamoja na pamba, imeandikwaje. Hakujua kwamba koili ina maandishi. Tuliichomoa, tukaisogeza kwenye mwanga: omu 0.4, wati 40 hadi 50. Pamba iliyochungulia kwenye vitundu vyake ilikuwa nyeusi kama utambi wa koroboi. Juisi haikuwa na kosa.

"Niweke wati ngapi ili ladha itoke?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila anayenunua sigara ya kielektroniki yenye kioo na vitufe, na majibu anayopewa ni namba tupu: weka 30, weka 60, mimi natumia 80. Namba hizo hazina maana zikisimama peke yake. Ladha hupatikana pale moto wa waya unapolingana na kasi ya pamba kuleta juisi. Kitufe cha wati ni njia mojawapo tu ya kuvikutanisha viwili hivyo, na mara nyingi si njia iliyo bora. Kuna jambo la pili, zito zaidi: kipimo pekee alichonacho mvutaji ni ulimi na pua yake, na kipimo hicho humwonya juu ya sumu moja huku kikiisifia nyingine. Ninaloandika hapa ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Asiyevuta hapungukiwi na kitu.

Katika historia ya kifaa hiki ladha ilitangulia nikotini. Mwaka 1963 Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akaipata mwaka 1965. Wazo lake lilikuwa kumpa mvutaji hewa yenye joto, unyevu na ladha. Haikupata soko. Miaka 40 baadaye, mwaka 2003, mfamasia wa Kichina Hon Lik, mvutaji aliyempoteza baba yake kwa saratani ya mapafu, alitengeneza kifaa kilichotumia mawimbi ya sauti ya masafa ya juu kurusha matone ya nikotini. Halikuwa wazo la kuchemsha. Waya wa moto ulichukua nafasi ya mawimbi hayo baadaye kwa kuwa ni rahisi na huzalisha mvuke mwingi, na viwanda vya Shenzhen vikaujaza ulimwengu. Kuanzia hapo suala la ladha likawa suala la mapishi.

Na mapishi yenyewe ni haya. Juisi ina vimiminika viwili vikuu, propilini glikoli na glisirini, pamoja na vionjo, na kwa kawaida nikotini. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selisiasi, nikotini nyuzi 247, glisirini nyuzi 290. Vionjo navyo vina nyuzi zake: harufu nyepesi za limau na matunda hutangulia kuruka, za vanila na kastadi hukawia. Koili iliyopoa sana basi hutoa mvuke mwembamba wenye harufu za juu tu, kama pilau iliyonusishwa iliki ikanyimwa mdalasini na bizari. Ndiyo maana aliyezoea wati 10 akipanda hadi 14 huapa kwamba amenunua juisi mpya.

Lakini kupanda huko kuna mwisho, na mwisho wake unajulikana kwa kila aliyewahi kupika maharage. Maadamu sufuria ina maji, ukichochea moto maji yatachemka kwa kasi zaidi, lakini chakula hakizidi joto la maji yanayochemka. Maji yakikauka, dakika chache tu jiko zima linanuka. Koili iko hivyo hivyo. Pamba ikiwa imelowa, wati zaidi huleta mvuke mwingi zaidi, wala joto la waya halipandi sana, kwa kuwa juisi inalinywa. Pamba ikishindwa kuleta juisi kwa kasi inayochomwa, joto huruka juu ghafla. Pamba, utamu na glisirini vyote vinaungua. Ladha nzuri kuliko zote iko hatua chache kabla ya hapo. Wengi huipita bila kujua, wakaonja mkauko, wakadhani wati hazitoshi, wakaongeza tena. Mpwa wangu alifika 70 kwa njia hiyo.

Kwa hiyo anza chini ya namba ndogo iliyoandikwa kwenye koili. Kama ni koili ndogo ya kuvuta taratibu, panda wati moja moja. Kama ni kubwa, panda tano tano. Vuta mara mbili tatu kila hatua. Ladha ikiacha kuongezeka na badala yake koo likaanza kukauka, rudi hatua moja nyuma, uache hapo. Ni kazi ya dakika kumi.

Kwa nini namba ya rafiki haikufai? Kwa sababu wati hugawanywa juu ya waya. Wati 15 kwenye waya mwembamba wa omu 1.0 ni moto wa kutosha kabisa. Wati hizo hizo zikitandazwa kwenye koili pana ya wavu ya omu 0.2 haziwezi hata kuitoa jasho. Wavu umependwa sana siku hizi kwa sababu unapata moto sawasawa kila upande, tofauti na waya uliosokotwa ambao katikati yake huwaka kabla ya ncha. Katika vifaa visivyo na chipu ya kupanga wati, hesabu ni ya shule ya sekondari: volti mara volti, gawanya kwa omu. Betri ya volti 3.7 juu ya omu 1.2 inatoa takriban wati 11. Juu ya omu 0.5 inatoa 27. Huko kubadilisha koili ndiko kupanga wati.

Sasa pamba, ambayo watu huisahau kwa kuwa haina kitufe. Koili mpya iliyotiwa kwenye tangi na kuvutwa papo hapo huungua siku hiyo hiyo, na ladha hiyo haifutiki. Dawa yake ni kuitupa. Idondoshee matone machache ya juisi kwenye vitundu, jaza tangi, kisha iache dakika tano hadi kumi. Uzito wa juisi nao ni mpangilio, hata kama haumo kwenye menyu. Glisirini ni nzito, ina utamu kidogo na ndiyo inayoleta wingu. Propilini glikoli ni nyepesi, hukwaruza koo kidogo, na ndiyo inayobeba vionjo vizuri. Vionjo vingi hata dukani huuzwa vikiwa vimeyeyushwa ndani yake. Juisi yenye asilimia 70 ya glisirini kwenye koili ndogo yenye vitundu vya sindano hutembea kwa kujikokota, pamba ikakauka katikati ya pafu. Juisi ya nusu kwa nusu kwenye koili kubwa hupenya na kuvuja mpaka mdomoni. Na hali ya hewa haikai pembeni: kwenye joto la Dar es Salaam juisi hulainika ikavuja mfukoni, ilhali asubuhi ya Njombe juisi ile ile hugandamana, na mpangilio uliofaa jana unakausha pamba leo.

(Mtaani mvuto mmoja wa sigara huitwa pafu, na pafu ni hilo hilo lililoko kifuani. Kiswahili kimesema kweli hapa bila kukusudia.)

Ningeambiwa nichague mpangilio mmoja tu kwa ajili ya ladha, ningeacha wati nikachukua hewa. Vifaa vingi vina bangili ndogo chini au juu ya tangi inayofungua na kuziba matundu. Ikifunguliwa kabisa, hewa nyingi hupoza koili na kuutandaza mvuke: wingu kubwa, ladha iliyozimuliwa kama chai ya hotelini saa nne asubuhi. Ikizibwa kidogo, mvuke unakolea na kupata uvuguvugu, na ladha inajaa kinywa. Ikizibwa mno, hewa haitoshi kupoza waya na unarudi kwenye harufu ya kuungua, safari hii bila kugusa wati. Ujanja ni kufungua yote, kisha kuziba robo robo. Pamoja na hewa kuna mwendo wa kuvuta. Mvutaji aliyetoka kwenye sigara ya kawaida hukokota kwa nguvu na kwa ufupi, na vepu haipendi hivyo. Inataka pafu la polepole la sekunde tatu nne, kisha mapumziko ili pamba inywe. Mapafu matano ya mfululizo hukausha hata koili iliyopangwa na fundi.

Kuna kundi linaloamini kwamba suluhisho la yote haya ni kupanga joto lenyewe badala ya wati. Mwaka 2014 kampuni ya Kimarekani ya Evolv ilitoa chipu ya DNA 40, na wazo lake lilikuwa la akili: ukinzani wa nikeli hupanda kadiri inavyopata moto, kwa hiyo chipu ikipima ukinzani inajua joto la waya na inaweza kupunguza umeme kabla pamba haijaungua. Titani na chuma kisichoshika kutu hufaa pia. Kanthal, waya ulio kwenye koili nyingi za dukani, haufai, maana ukinzani wake karibu haubadiliki. Wavutaji wengi wa mtindo huu huanzia nyuzi 200 na hawazidi 250. Kwa usalama wa pamba ni njia nzuri kuliko zote. Kwa ladha, nionavyo mimi, haizidi wati zilizopangwa kwa subira, na ina mtego wake: ukiiambia chipu kwamba waya ni nikeli kumbe ni chuma, namba unayoisoma kwenye kioo haina uhusiano na joto lililoko ndani. Soko limekwisha kutoa hukumu yake. Watu wengi wamerudi kwenye wati.

Ulimi wenyewe una kasoro zake. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hunuswa, harufu ikipanda puani kutoka nyuma ya koo. Toa mvuke puani mara moja na juisi uliyoidhani imechuja itakurudia. Harufu moja ikikaa siku nzima pua huacha kuisikia, kama mwenye buchari asivyosikia harufu ya nyama. Hapo mvutaji hulaumu kifaa, hupandisha wati au hununua juisi tamu zaidi. Maji ya kunywa na kubadilisha juisi kwa siku mbili hufanya kazi ambayo wati 20 za ziada haziwezi. Mentholi nayo hucheza mchezo mwingine: haipozi chochote, bali huamsha neva zinazohisi baridi, na ukali wa joto hufichika chini yake. Na sukralosi, ile sukari bandia iliyomo katika juisi nyingi tamu, hugeuka masizi kwenye waya. Juisi ya keki inaweza kuua koili kwa siku chache ambapo juisi isiyotiwa utamu ingekaa wiki kadhaa. Anayelalamika kwamba koili za siku hizi hazidumu aangalie kwanza alichomimina.

Hadi hapa nimezungumza kama mpishi. Sasa nirudi kwenye ile harufu ya kuungua, maana si suala la kinywa peke yake. Januari 2015 watafiti wa Portland State University, Marekani, walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine: kifaa kilipowekwa volti 3.3 hawakuona dalili za fomaldehaidi, kilipopandishwa hadi volti 5 walizikuta nyingi. Vichwa vya habari vikalipuka. Mwaka huo huo daktari wa moyo wa Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, alijibu kwa jaribio la wavutaji wazoefu: aldehaidi zilipanda sana pale tu pafu lilipokuwa kavu, na hao wavutaji walilitambua na kulikataa kwa kuwa halivutiki. Kwake yeye, mashine ya maabara ilivuta kitu ambacho hakuna binadamu angekivuta.

Mimi naona wote wawili walisema jambo moja kutoka pande mbili. Joto likizidi, glisirini huvunjika ikatoa fomaldehaidi na akroleini, ambayo ndiyo mwasho wa mafuta ya kupikia yaliyounguzwa. Mpangilio wenye ladha safi basi ndio pia wenye aldehaidi chache, jambo ambalo si kawaida katika starehe za dunia hii. Ila jibu la Farsalinos linategemea ulimi wa mzoefu. Kijana anayevuta mentholi iliyojaa sukralosi, pua yake imechoka tangu asubuhi, hana ulimi huo. Pafu lililokauka nusu linaweza kumpita.

Tena kuna sumu inayonukia vizuri. Diasetili ndiyo harufu ya siagi. Mei 2000 wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, waliripotiwa kuwa na ugonjwa mbaya wa vijia vidogo vya hewa mapafuni, na uchunguzi ukaelekea kwenye kionjo cha siagi walichokuwa wakikivuta puani kazini. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walipima juisi na vifaa 51 vyenye ladha, wakakuta diasetili katika 39. Moshi wa sigara ya kawaida unayo pia, tena kwa wingi zaidi, na mvutaji anayehama ana haki ya kukumbushwa hilo. Uingereza imekwisha kuipiga marufuku katika juisi. Hoja yangu ni nyepesi: hakuna wati wala tundu la hewa litakalomwonya mtu juu ya diasetili, kwa sababu ulimi wake unamwambia kastadi imekolea.

Metali nazo, ulimi hautegemewi kuzigundua. Utafiti wa Johns Hopkins wa mwaka 2018, uliopima vifaa vya wavutaji 56, ulikuta risasi, kromi na nikeli katika mvuke kwa viwango vilivyozidi vile vya juisi iliyokuwa bado kwenye chupa. Zilitoka kwenye koili. Na yale maradhi ya mapafu yaliyoikumba Marekani mwaka 2019, ambayo kufikia Februari 2020 yalikuwa yamewalaza watu 2,807 na kuua 68, hayakuhusu mpangilio wa kifaa. Mshukiwa mkuu alikuwa vitamini E asetati iliyochanganywa katika mafuta ya bangi ya magendo. Mafuta hayo hayakuwa na ladha ya kumshtua mtu.

Betri nayo haisemi. Selo ya 18650, jina linalotokana na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa imejaa inatoa volti 4.2. Kwenye kifaa kisicho na chipu, koili ya omu 0.2 huivuta ampia 21, na selo nyingi hazikuundwa kuhimili hata 20 kwa mfululizo. Wanaoshusha omu wakisaka ladha nzito wapige hesabu hiyo kwanza.

Nikotini huingia katika hesabu hii kimyakimya. Wati zikipanda, mvuke unaongezeka na nikotini inaongezeka pamoja nao. Chumvi ya nikotini ya miligramu 20 kwa mililita, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza na Umoja wa Ulaya, ni laini kwenye kifaa cha wati 12. Imimine kwenye tangi la wati 60 na mvutaji atapata kizunguzungu na kichefuchefu kabla hajamaliza kusifia ladha. Wati kubwa zinadai nikotini ndogo, miligramu 3 au 6.

Vepu nyingi ninazoziona mitaani kwetu, hata hivyo, hazina hata kimoja cha vitufe hivi. Ni zile za kutupa, rangi za pipi, zimefungwa kiwandani. Anayezitumia amebakiwa na mpangilio mmoja: mdomo wake. Avute polepole, apumzike kati ya pafu na pafu, aiache mara tu ladha inapogeuka badala ya kuikamua mpaka tone la mwisho. Uingereza, ambayo Chuo cha Kifalme cha Madaktari chake kilisema mwaka 2016 kwamba madhara ya muda mrefu ya vepu huenda yasizidi asilimia 5 ya yale ya sigara, ilipiga marufuku vifaa vya kutupa tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya taka na kwa sababu ya watoto. Uganda ilikwisha kuzuia biashara yote ya sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya mwaka 2015. Marekani inapigana na ladha yenyewe: Aprili 2025 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa sauti moja, iliunga mkono mamlaka ya dawa iliyokuwa imezikatalia juisi za matunda na vitindamlo. Utamu uleule unaomvutia mvutaji wa miaka 45 aache sigara unamwita mwanafunzi wa kidato cha pili, na hakuna kitufe cha kuwatenganisha.

Koili ya mpwa wangu tuliibadilisha. Mpya ilikaa dakika kumi ikinywa, tukaanza na wati 38, tukaishia 44 na hewa imezibwa nusu. Embe ikarudi. Alichonisimulia baadaye ndicho kinachonikera: aliyemuuzia alimpa kifaa, juisi na koili tano bila kumwambia kwamba koili ina namba. Ninyi mnaouza, mwandikieni mnunuzi kwenye risiti, kwa Kiswahili, omu za koili yake, wati zake na miligramu za nikotini. Na akija wa sare za shule, mrudisheni na hela yake.